Orodha Ikibadilika, Nani Anaambiwa?

Nimekuwa kimya kwa siku kadhaa, na leo nitawaambia kwa nini. Jumanne ya wiki iliyopita nilipata aibu ambayo sijawahi kuipata tangu nianze kazi hii ya uandishi.

Nilipangiwa mkutano wa waandishi wa habari, saa nne asubuhi, katika ukumbi mmoja katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nikafika saa tatu na dakika hamsini, kinasa sauti kimechajiwa, daftari mkononi, najipongeza moyoni kwamba leo foleni haikuniweza. Ndani ya ukumbi viti vimepangwa juu ya viti, na mama mmoja anafagia taratibu.

"Shikamoo mama. Mkutano wa waandishi ni humu?"

"Marahaba mwanangu. Mkutano gani tena? Wale wamehama tangu jana. Na nasikia walianza saa tatu."

Nikarudi chumba cha habari nimenuna. Mhariri wa zamu akaniuliza swali moja tu: "Hukupata barua pepe?" Nilikuwa nimeshajiandaa kulalamika, nikafungua kompyuta ili nimwonyeshe kwamba sikupata kitu. Kumbe niliipata. Ratiba yetu ya kazi iko kwenye orodha ndani ya kompyuta: kila mstari una tukio, mahali, saa, jina la mwandishi na jina la mpigapicha. Mtu akigusa mstari wowote, mfumo wenyewe unatuma barua pepe kwa wahusika. Ukumbi ukibadilika, barua. Jina la mpigapicha likirekebishwa herufi moja, barua. Siku moja nilizihesabu zikafika 64! Basi mwezi uliopita nikaiamuru kompyuta yangu izitupe zote kwenye folda moja ambayo huwa siifungui. Barua ya kuhama kwa mkutano ilikuwa humo humo, imelala na wenzake.

Mfumo ulifanya kazi yake. Mimi ndiye sikufanya yangu. Na mkutano wenyewe haukuwa wa uzinduzi wa sabuni. Walikuwa ni watu wanaodai fidia ya viwanja vyao, wametoka mbali na nauli zao mfukoni ili wasikike. Kesho yake magazeti mengine yalikuwa na maneno yao. Letu halikuwa na hata moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hivi huu utaratibu wa orodha kujisemea yenyewe, kwamba kitu kikibadilika mahali fulani basi mtu aliye mbali anaambiwa, ulianzia wapi? Nikaanza kusoma. Nilichokuta ni historia ndefu, na ina fundisho ambalo watengeneza programu wanalijua lakini sisi watumiaji tunalisahau.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao la swali hili. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hukuwa na haja ya kwenda kwa jumbe kila asubuhi kuuliza kama kuna jipya. Ulilima shamba lako, pembe ikilia unaacha jembe unakwenda kusikiliza. Lakini angalia: pembe haichagui masikio. Yeyote aliye karibu anasikia, hata ambaye hakuna aliyemkusudia. Hilo naomba tuliweke akiba, tutalihitaji huko mbele.

Sasa twende London. Katika miaka ya 1680 bwana mmoja aitwaye Edward Lloyd alifungua mgahawa wa kahawa karibu na mto Thames. Wateja wake walikuwa manahodha, wenye meli na matajiri waliokuwa wakikatia bima meli na mizigo. Watu hao walikuwa na njaa moja kubwa: habari za meli. Ipi imefika, ipi imeondoka, ipi imezama. Lloyd akaona biashara haiko kwenye kahawa peke yake, iko kwenye habari. Mwaka 1696 akaanza kutoa gazeti dogo, Lloyd's News, ambalo halikudumu hata mwaka mzima. Yeye alifariki mwaka 1713, lakini jina lake lilibaki, na mwaka 1734 likazaliwa jarida la Lloyd's List, orodha ya mienendo ya meli ambayo hadi leo bado inatolewa, siku hizi kwenye intaneti.

Orodha hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na ugonjwa wa orodha zote: lazima uende ukaitazame. Meli imezama wewe uko nyumbani unakula, hujui. Mwenzako aliyeiona habari mapema anaweza kukuuzia sehemu ya hasara yake kwa bei ya kirafiki, nawe ukamshukuru!

Dawa waliyoipata ni kengele. Mwaka 1799 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Lutine, ilizama katika pwani ya Uholanzi ikiwa na shehena ya dhahabu na fedha iliyokatiwa bima na watu wa Lloyd's. Mwaka 1858 kengele yake iliopolewa baharini, ikaja kutundikwa katika ukumbi wao wa biashara. Meli iliyochelewa mno ikipata habari, kengele ilipigwa: mara moja kama imezama, mara mbili kama imefika salama. Kila mtu ukumbini alinyamaza, akasikia, na wote wakajua kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ulipo ujanja. Habari ilikuwa ikifika hata bila kengele. Kazi ya kengele ilikuwa kuhakikisha inamfikia kila mtu sawasawa, asiwepo wa kumwahi mwenzake. Lakini ilisikika ukumbini tu. Mke wa baharia aliyekuwa nyumbani akisubiri hakuwa ndani ya ukumbi ule.

Miaka tisa baada ya kengele ile kuopolewa, mwaka 1867, fundi wa simu za maandishi wa New York aitwaye Edward Calahan alitengeneza mashine iliyochapa bei za hisa kwenye utepe wa karatasi. Kabla yake kulikuwa na vijana wa kutumwa, wanakimbia kutoka soko la hisa hadi ofisi za madalali na vikaratasi mkononi, halafu wanakimbia tena. Mashine ya Calahan ilikata mbio hizo. Bei ikibadilika sokoni, waya unabeba habari, na utepe unatoka ofisini kwako ukilia tik tik tik. Umbali ukawa si hoja tena.

Ila nao ulikuwa na mipaka. Tarehe 24 Oktoba 1929, soko la hisa la New York lilipoanza kuporomoka, mauzo yalikuwa mengi kiasi kwamba mashine zilishindwa kwenda nayo. Soko lilifungwa saa tisa alasiri, lakini utepe ulikuwa bado unachapa zaidi ya saa nne baadaye. Fikiria mtu aliyekuwa mji mwingine, ameshika utepe mkononi, anasoma bei ambayo imeshakufa zamani. Wengi waliamua kuuza tu, kwa sababu kutojua kuliwatia hofu kuliko hasara yenyewe. Taarifa iliyochelewa ilizidisha moto.

Haya, tuingie kwenye kompyuta.

Kuna njia mbili za kujua kama kitu kimebadilika. Chukua mfano wa daladala. Umepanda gari usiku, hulijui vizuri eneo, unakwenda Magomeni. Njia ya kwanza ni kuuliza kila kituo: "Hapa ndipo?" Inachosha, inaudhi abiria wenzako, lakini unabaki na uhakika. Njia ya pili ni kumwambia konda, "Kaka, nishtue tukifika Magomeni," halafu ukasinzia zako. Raha tupu... mradi konda asisahau.

Kompyuta zilianza na njia ya kwanza. Katika mfumo wa Unix uliozaliwa kwenye maabara za Bell kule Marekani kulikuwa na programu ndogo iitwayo cron, na katika toleo la mwaka 1979 iliamka kila dakika, ikatazama orodha ya kazi, ikauliza "kuna ambayo saa yake imefika?", ikaitekeleza, ikalala tena. Ni mlinzi wa zamu asiyechoka. Na baadaye ikaja na tabia ambayo wataalamu wa mitambo wanaijua hadi leo: kazi ikiwa na neno la kusema, cron inamtumia mwenyewe barua. Barua pepe yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilikuwa imeanza mwaka 1971, pale Ray Tomlinson alipochagua ile alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake.

Lakini barua ikifika, utajuaje kwamba imefika? Tatizo lile lile la mgahawa wa Lloyd! Pale chuo kikuu cha Berkeley, California, mwaka 1980, wakatengeneza programu ya kukushtua barua mpya ikiingia wakati unaendelea na kazi nyingine. Wakaiita biff, jina la mbwa aliyekuwa akizurura kwenye maofisi ya wanafunzi wa kompyuta. Uvumi ukaenea kwamba mbwa huyo alikuwa akimbwekea tarishi kila akileta barua, ndiyo maana akapewa heshima hiyo. Waliomfahamu wamekanusha. Nasikitika kidogo, hadithi ilikuwa tamu.

Njia ya pili, ile ya konda, ilitoka kwa watu wa kanzidata. Kanzidata ni nini? Ni orodha kubwa zilizopangwa vizuri: wateja, akaunti, bidhaa za ghalani. Katika miaka ya 1970 maabara ya IBM ya San Jose, California, ilikuwa ikijenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, ambao ndio babu wa kanzidata nyingi zinazoendesha mabenki na mitandao ya simu leo. Mwaka 1976 mtafiti mmoja wa hapo, Kapali Eswaran, aliandika kuhusu kitu ambacho Waingereza wanakiita kwa jina la kile kidude cha bunduki unachokivuta kwa kidole ili risasi itoke. Mimi nitakiita kifyatuo.

Kifyatuo kina sehemu tatu. Kwanza tukio: mstari umeongezwa, umebadilishwa au umefutwa. Pili sharti: je, mabadiliko hayo yanatuhusu? Tatu tendo: basi fanya hivi. Mfano, magunia ya saruji ghalani yakipunguzwa, na kama yaliyobaki ni chini ya 50, andika oda mpya. Hakuna haja ya mtu kwenda kuchungulia ghala kila saa. Orodha yenyewe inajua kwamba imeguswa, na inajua la kufanya. Makampuni yakaanza kuweka vifyatuo kwenye bidhaa zao, kila moja kwa lahaja yake, hadi mwaka 1999 vilipoingizwa rasmi katika kanuni za pamoja za SQL, ile lugha ya kuzungumza na kanzidata.

Hadi hapo hii ilikuwa mali ya mafundi. Karani wa kawaida hakuwa na uwezo wa kuandika kifyatuo. Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2001 Microsoft walitoa SharePoint, programu ya maofisini ambayo mtu yeyote angeweza kutengeneza orodha yake: likizo za wafanyakazi, mikataba, malalamiko ya wateja. Ukabonyeza mahali ukasema "orodha hii ikibadilika nijulishe," na barua pepe zikaanza kuja. Toleo la mwaka 2007 likaongeza mitiririko ya kazi: mfanyakazi akijaza ombi la likizo, mkuu wake anapata barua, mkuu akikubali, mstari unabadilika kuwa "imekubaliwa", mstari ukibadilika, mtu wa mishahara anapata barua yake. Karatasi iliyokuwa ikikaa wiki mbili mezani kwa bosi ikawa inapita kwa dakika. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ilileta huduma iliyoitwa Flow, ambayo mwaka 2019 ikabadilishwa jina kuwa Power Automate, na sasa orodha moja inaweza kufyatua mambo katika programu nyingine kabisa.

Leo hii sote tunaishi ndani ya vifyatuo. Unatuma pesa kwa simu, salio linabadilika kwenye orodha mahali fulani, na kabla hujarudisha simu mfukoni ujumbe umefika kwako na kwa uliyemtumia. Mnaouza maduka mnaijua thamani yake: mteja akisema "nimeshatuma," unasubiri simu ilie.

Sasa tuje kwenye kasoro, maana hapa ndipo aibu yangu inapopata ndugu.

Kasoro ya kwanza ni mzunguko usioisha. Umetengeneza mtiririko: mstari ukibadilika, tuma barua, kisha andika "imetumwa" kwenye mstari. Umeiona hatari? Kuandika "imetumwa" ni kubadilisha mstari. Kwa hiyo mtiririko unaanza tena, unatuma barua nyingine, unaandika tena... hadi asubuhi. Wazee wa Unix waliliona hili mapema. Eric Allman wa Berkeley, aliyeandika programu ya kumjibu mtu kwamba "niko likizo," aliiwekea utaratibu wa kukumbuka iliowajibu, na kwa kawaida haimjibu mtu yule yule zaidi ya mara moja kwa wiki. Bila hivyo, watu wawili walio likizo kompyuta zao zingeweza kuandikiana hadi warudi.

Kasoro ya pili ni mafuriko. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, hitilafu ndogo ya pampu ilianzisha ajali mbaya kuliko zote katika historia ya vinu vya umeme vya nchi hiyo. Ndani ya dakika chache kengele na taa zaidi ya 100 ziliwaka kwa pamoja katika chumba cha kuongozea mitambo. Ipi ni ya maana? Hakuna aliyejua. Ving'ora vilikuwa vikisema kweli vyote, na kwa kusema vyote kwa pamoja vikawa havisemi kitu. Mimi na barua zangu 64 ni kichekesho mbele ya hilo, lakini ugonjwa ni ule ule.

Na pale pale palikuwa na kasoro ya tatu, ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Kulikuwa na vali moja iliyotakiwa kujifunga. Taa yake ikazimika, na mafundi wakaelewa kwamba imefunga. Kumbe taa ile haikuwa ikionyesha hali ya vali. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa! Vali ilikuwa imekwama wazi, maji ya kupoozea kinu yanavuja, na ilichukua zaidi ya saa mbili kabla ya kugundua. Amri imetumwa. Barua imetumwa. Ni maneno yale yale, na tunafanya kosa lile lile kila siku: tunasoma "imetumwa" tunaelewa "imefika," tunaelewa "imesomwa," tunaelewa "imefanyiwa kazi."

Tena kuna ukimya. Mwaka 2020 Microsoft walizima mitiririko ya zamani ya SharePoint, ile ya kizazi cha 2010, katika huduma yao ya mtandaoni. Walitangaza. Lakini mtiririko uliotengenezwa na mfanyakazi aliyekwisha kuhama kazi, nani anaukumbuka? Ukimya wa mfumo uliokufa unafanana kabisa na ukimya wa orodha ambayo haijabadilika. Hujui kama hakuna jipya, au konda ameshuka zamani.

Nimeiacha kasoro ya nne mwisho kwa sababu hii inatuhusu sisi watu wa pwani hii.

Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwa karibu saa kumi za usiku, watu wamelala baada ya Krismasi. Kule Hawaii kuna kituo cha kutoa tahadhari za tsunami katika bahari ya Pasifiki, kilichoanzishwa mwaka 1949. Mitambo yake ilishtuka. Dakika 15 tu baada ya tetemeko, taarifa yao ya kwanza ilikuwa imetoka. Umesikia? Dakika 15. Kifyatuo kilifyatuka.

Taarifa ilikwenda kwa nani? Kwa waliokuwa kwenye orodha: nchi za Pasifiki. Nayo ilisema, kwa usahihi, kwamba Pasifiki haina hatari. Mwanzoni ukubwa wa tetemeko ulikadiriwa 8.0, saa moja hivi baadaye ukapandishwa 8.5, hatimaye ilikuja kujulikana kuwa ni 9.1. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa namna hiyo. Hapakuwa na orodha ya nani apigiwe simu Sri Lanka, nani India, nani Somalia. Wataalamu wa Hawaii wenyewe walikuja kujua kwamba watu wanakufa kwa kusoma habari kwenye intaneti, kama mimi na wewe.

Mawimbi yalifika Sri Lanka baada ya saa mbili hivi. Yalifika Somalia baada ya saa saba hivi, na kuua watu karibu 300. Saa saba! Katika muda huo basi linatoka Dar es Salaam na kuvuka Morogoro likienda zake Dodoma, abiria wakashuka wakala. Kenya, maofisa waliosikia habari waliwaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa, na aliyefariki alikuwa mmoja. Hapa Tanzania walifariki angalau watu 10, wakiwemo waliokuwa wakiogelea. Kwa jumla, kuzunguka bahari yote, walikufa watu wapatao 230,000.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo mwaka huo, sikumbuki kitu. Lakini nikisoma habari hii najiona mjinga kwa kudhani kwamba tatizo la taarifa ni kasi. Kasi tulikuwa nayo. Mashine iliona, ikapima, ikaandika, ikatuma. Kilichokosekana ni mtu mmoja, miaka kabla ya hapo, kukaa chini na kuandika majina: hili likitokea upande huu, waambiwe hawa. Mwaka 2005 nchi za bahari ya Hindi, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilianza kujenga mfumo wao chini ya UNESCO, na mwaka 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia vikaanza kutoa tahadhari kwa ukanda mzima. Sasa tumo kwenye orodha.

Ndiyo maana nilisema tuweke akiba ile mbiu ya mgambo. Pembe ilimfikia kila aliye karibu. Kengele ya Lutine ilimfikia kila aliye ukumbini. Kifyatuo cha kompyuta kina nguvu kuliko vyote hivyo, kinavuka bahari kwa nukta moja, lakini kinamfikia tu yule ambaye mtu fulani alikumbuka kuandika jina lake. Mashine imemaliza swali la "lini." Swali la "nani" limebaki mikononi mwetu, na mara nyingi tunalijibu siku ya kwanza kwa haraka, hatulirudii tena.

Ofisini nimependekeza mambo matatu. Barua itumwe tu kama kumebadilika saa, mahali au mwandishi, si herufi. Anayeipata ajibu "nimepata," na asipojibu kwa nusu saa apigiwe simu na binadamu. Na kila mwisho wa mwezi mtu asome majina ya wanaopokea, maana nimekuta barua zetu bado zinakwenda kwa kaka mmoja aliyeacha kazi siku nyingi, wakati mpigapicha mpya hayumo. Mhariri amesema niandike kwenye karatasi, tutaona. Folda yangu ile nimeifuta.

Jumamosi nikapanda daladala hadi kwa wale watu wa fidia. Sikutumwa, nilikwenda mwenyewe. Nikakaribishwa chini ya mwembe, nikapewa kiti cha plastiki. Mzee mmoja akaniangalia sana, kisha akauliza kwa upole: "Kijana, siku ile tulihamisha mkutano tukawaletea taarifa magazeti yote. Nyinyi haikuwafikia?"

"Ilitufikia, mzee," nikamjibu. "Ila hatukuisoma."

Akacheka kidogo, akaniambia nitoe daftari. Habari yao ilitoka juzi, ukurasa wa tano.

Sasa niambieni na nyinyi: huko makazini kwenu, orodha ikibadilika, nani anaambiwa? Na nani mmemsahau?